Je, Kila Kifungwacho Hufunguliwa? Uhakiki wa Istilahi za Uzazi wa Mpango Mkoani Katavi

UTANGULIZI

Msafiri apandaye gari la moshi Tabora, akapita Kaliua na kuteremka Mpanda, huwa amefika mwisho wa reli. Njia hiyo ilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Siku hizi huchukua zaidi wakulima, wafugaji, wafanyabiashara na akina mama wenye watoto migongoni. Mkoa wa Katavi, ambao ulimegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, ni mkutano wa lugha nyingi. Wako Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa. Wako Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Na huko Katumba na Mishamo wako wananchi wenye asili ya Burundi, ambao wazee wao waliukimbia mwaka mbaya wa 1972. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 564,604 katika mkoa huu. Sensa ya mwaka 2022 ikawahesabu 1,152,958.

Ongezeko hilo halikutokana na uzazi peke yake, kwani wahamiaji ni wengi. Hata hivyo, suala la uzazi ni zito. Utafiti wa Taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Hiyo ilikuwa hesabu kubwa kuliko ya mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa Taifa ulikuwa 27.

Hapana budi msomaji aulize: haya yanahusianaje na jarida la istilahi? Yanahusiana sana. Mama wa Kisukuma na mama wa Kipimbwe, wafikapo katika zahanati, huelezwa njia za uzazi wa mpango kwa Kiswahili, na kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili. Hawana kamusi wala daktari wa kumuuliza pembeni. Wana neno tu walilotamkiwa na muuguzi, na kwa neno hilo huamua jambo la mwili wao. Katika makala haya tutayapima maneno hayo moja baada ya jingine, kama tulivyoyakuta katika bango lililotundikwa ukutani mwa kituo kimoja cha afya mkoani humo, na kama tulivyoyasikia katika benchi lililokuwa chini ya bango hilo.

1. JINA LA SHUGHULI YENYEWE

Jambo hili limepewa majina matatu katika nchi yetu: kuzuia mimba, uzazi wa majira, na uzazi wa mpango. La tatu ndilo lililoshinda, na kwa maoni yetu lilistahili kushinda.

"Kuzuia mimba" lina kasoro ambayo haionekani upesi. Kitenzi "zuia" kina sura mbili: kukinga jambo lisije, na kushikilia kitu kisitoke. Mtu azuiaye machozi huyashikilia yasidondoke. Vivyo hivyo mama ambaye mimba yake inatishia kuharibika huambiwa alale ili izuilike isitoke. Basi "dawa ya kuzuia mimba", kwa msikilizaji asiye na muktadha, yaweza kuwa dawa ya kuikinga mimba au dawa ya kuilinda. Isitoshe, neno lenyewe linaitaja mimba kana kwamba imekwisha kuwapo, na hapo ndipo baadhi ya watu huteleza wakadhani kuzuia ni jina la adabu la kutoa.

"Uzazi wa majira" ni maneno mazuri, tena yenye ushairi ndani yake. Yanamkumbusha mkulima kwamba shamba halipandwi kila mwezi. Wazo hilo halikuletwa na meli kutoka ng'ambo. Kiswahili kina kitenzi "kubemenda", yaani kumdhoofisha mtoto anyonyaye kwa wazazi kurudia tendo la ndoa mapema mno. Waliolitunga neno hilo walijua kwamba mtoto anahitaji nafasi kabla ya mdogo wake kuja, ingawa sababu waliyoitoa si ile itolewayo na waganga wa leo. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri ipite angalau miezi 24 tangu mama ajifungue kabla ya kushika mimba nyingine. Huko Katumba na Mishamo, wasemao Kirundi wana usemi wao, "kuvyara ku rugero", yaani kuzaa kwa kipimo. Kwa hiyo aendaye kijijini kufundisha jambo hili asidhani anabeba wazo geni. Anabeba zana mpya za wazo la zamani.

"Uzazi wa mpango" lina faida kwamba linaanza na uzazi, wala si na uzuiaji. Linamhusu pia atafutaye mtoto. Mwalimu Nyerere, alipoueleza Mpango wa Pili wa Maendeleo mwaka 1969, alikumbusha kwamba kuzaa ni jambo ambalo binadamu na wanyama wanalingana, bali kulea, kulisha na kusomesha ndiko kunakompa binadamu utu wake. Chama cha Uzazi na Malezi Bora, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1959, kiliweka mawazo yote mawili katika jina lake. Mwenye mzaha ataongeza kwamba ufupisho wa jina hilo, UMATI, maana yake ni kundi kubwa la watu. Mzaha huo haudhuru, lakini unafundisha kwamba neno likishaundwa huenda mahali ambapo mwundaji hakulituma.

2. VIDONGE NA SINDANO

Bango linasema "vidonge vya kumeza kila siku". Benchi linasema "vidonge vya majira". Hapa bango lina haki. Neno "majira", tulilolisifu punde hivi, linageuka mtego likitumika kutaja dawa. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, na majira huko ni masika na kiangazi. Mama aambiwaye vidonge ni vya majira anaweza kabisa kudhani humezwa kwa kipindi, pengine mumewe arudipo kutoka machungani au kambi ya tumbaku, kisha huachwa. Vidonge havitaki hivyo. Pakiti nyingi zina vidonge 28, ambavyo 21 vina homoni na 7 ni vya madini ya chuma au havina dawa, navyo humezwa kimoja kila siku, mume awepo asiwepo. Kwa sababu ya kusahau hapa na pale, kati ya wanawake 100 watumiao vidonge katika maisha ya kawaida, 7 hivi hushika mimba katika mwaka mmoja.

"Sindano ya miezi mitatu" ni jina wazi lisilohitaji kamusi. Kasoro yake ni ndogo, lakini imewaliza watu. Jina linasema miezi mitatu, na mama huelewa kwamba mwezi wa nne atashika mimba. Kinga ndiyo hukaa miezi mitatu. Rutuba, baada ya kuacha, huweza kuchelewa kurudi miezi kadhaa, pengine 10 tangu sindano ya mwisho. Mwanamke anayengoja muda huo bila kuelezwa huambiwa mtaani kwamba sindano imemwua kizazi. Jina libaki kama lilivyo, ila lisitamkwe bila maelezo hayo.

3. MTOTO NJITI NA MAMA MWENYE NJITI

Fimbo ndogo laini iwekwayo chini ya ngozi ya mkono huitwa "kipandikizi" katika bango. Watu huiita "kijiti", na wengi zaidi "njiti", kwa kuwa ukubwa wake ni kama wa njiti ya kiberiti. Hiyo ni tamathali nzuri, tena ya kweli. Bahati mbaya, neno "njiti" lilikwisha kupata kazi nyingine katika jengo lilelile: mtoto njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Hivyo katika chumba kimoja husemwa kwamba njiti anahitaji joto la kifua cha mama, na katika chumba cha pili husemwa kwamba njiti hukaa miaka mitatu kisha hutolewa. Tulimsikia binti mmoja, ambaye alikuwa amemsindikiza dada yake, akiuliza kwa hofu:

"Sasa shangazi, kwani ukiwekewa njiti ndipo unazaa njiti?"

Shangazi alicheka, nasi tulicheka. Baadaye tuliona kwamba swali lile lilikuwa na mantiki kuliko istilahi yetu. Jina moja likitajwa mahali pamoja kwa mambo mawili ya uzazi, msikilizaji ana haki ya kutafuta uhusiano.

Na "kipandikizi" je? Kwa upande wa uundaji ni neno safi, kutokana na "pandikiza". Lakini wakulima wa tumbaku wa Katavi wanajua kinachopandikizwa: ni mche, nao mche huota mizizi ukakua. Ile hofu isikikayo mara kwa mara, kwamba kitu hicho husafiri mwilini kikafika moyoni, haikusababishwa na neno peke yake, lakini neno halikuisaidia kuondoka. Kwa maoni yetu, "kipandikizi" libaki istilahi ya jumla ya madaktari kwa kila kiwekwacho mwilini, na katika mazungumzo na wananchi litumike "kijiti". Kijiti ni kitu kikavu, hakioti. Tena idadi itajwe daima. Norplant ya zamani ilikuwa na vijiti 6. Jadelle ina 2, na huhesabiwa miaka 5. Implanon ina 1, na huhesabiwa miaka 3. Mama asiyejua idadi ya vijiti vyake hatajua kama vimetolewa vyote.

4. KITANZI

Hapa twafika penye aibu. Kifaa kidogo kiwekwacho ndani ya mji wa mimba kimeitwa "kitanzi" katika vitabu, katika mabango na katika mafunzo ya wauguzi. Kitanzi ni nini? Ni kamba yenye fundo la kukaza, ambayo mwindaji humtegea ndege na swala, na ambayo mtu aliyekata tamaa hujinyongea. Kujitia kitanzi ni kujiua. Hiyo ndiyo maana ambayo mtoto wa Mswahili huijua kabla hajajua nyingine yoyote. Kisha tunamwambia mama, kwa sauti ya upole, kwamba tutamwekea kitanzi tumboni.

Asili ya kosa hili yaeleweka. Katika miaka ya 1960 daktari wa Marekani, Jack Lippes, alieneza kifaa cha plastiki kilichopindwa-pindwa, ambacho jina lake la Kiingereza lilikuwa na maana ya tanzi au pindo. Wafasiri wakachukua umbo, wakalivika Kiswahili, wakasahau kuuliza umbo hilo humkumbusha nini msikilizaji. Zaidi ya hayo, umbo lenyewe limepitwa na wakati. Kifaa kilichoenea sasa kina umbo la herufi T, kimezungushiwa waya wa shaba, na huweza kufanya kazi miaka 10 au zaidi bila homoni yoyote. Hakina tanzi mahali popote. Kwa hiyo neno linatisha na kudanganya kwa wakati mmoja.

Wanawake wa Mpanda wamekwisha kulikwepa. Wao husema "lupu". Sisi tunaoshughulika na istilahi tumezoea kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Afrika, na mwisho kabisa katika lugha za kigeni. Utaratibu huo ni mzuri, na hatuukani. Lakini utaratibu ni mtumishi wa mawasiliano, si bwana wake. "Lupu" limetoka katika neno lilelile la Kiingereza lililozaa "kitanzi", lakini mama asemaye "lupu" haoni tanzi wala kamba; anakiona kifaa chenyewe tu. Neno la kukopa lisilomtisha mtu ni bora kuliko neno la nyumbani lililobeba kifo. Wapendao neno la Kibantu wanaweza kulijaribu "kipachiko", kutokana na "pachika", mpaka wananchi wenyewe waamue.

5. NJIA NYINGINE KWA UFUPI

"Kondomu" limekubalika kote, wala hatuna la kuongeza, isipokuwa kwamba "mpira", litumikalo kwa adabu, ni neno ambalo hospitalini hutaja vitu vingi mno, ukiwamo mpira wa mkojo. Bango lifanye vyema kukumbusha kwamba hii ndiyo njia ambayo hukinga pia magonjwa ya zinaa.

"Vidonge vya dharura" ni jina jema, kwa maana "dharura" inakataza mazoea. Mtaani huitwa "P2", na vijana wengi hudhani vinatoa mimba. Havitoi, huizuia isitunge, navyo vinatakiwa vimezwe mapema, hasa ndani ya saa 72.

Katika njia za asili, bango linataja "siku za hatari". Hatari kwa nani? Kwa mke anayetafuta mtoto, hizo ndizo siku za heri. "Siku za rutuba" lasema ukweli huohuo bila kutisha, na mkulima hahitaji kufafanuliwa rutuba. Kunyonyesha nako ni njia halisi, lakini kwa masharti matatu yatimiayo pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Bango liliandika "kunyonyesha" tu, na kwa kuacha masharti likawa limeahidi kisichokuwapo.

6. KUFUNGA KIZAZI

Tumeliacha neno hili mwisho kwa sababu ndilo zito kupita yote. Makosa mengine tuliyoyataja huweza kurekebishwa: kijiti hutolewa, vidonge huachwa. Hili halirekebishwi kwa urahisi, na mara nyingi halirekebishwi kabisa.

Tulipokuwa tumeketi katika benchi lile, mama mmoja mwenye mtoto wa sita mgongoni alikuwa akielezwa na muuguzi kuhusu kufunga kizazi. Alisikiliza kwa makini, akakubali, akaulizia tarehe. Kisha, akiwa amekwisha kusimama, akauliza:

"Sasa nesi, huyu akishaanza shule, nikitaka kufunguliwa nije siku gani?"

Muuguzi alimtazama kwa muda. Akamwambia, "Mama, keti tena. Nadhani sikukueleza vizuri." Wakaanza upya. Mama yule aliondoka siku hiyo na kijiti mkononi, akisema atafikiri na mwenzake.

Twamsifu muuguzi yule, lakini kosa halikuwa lake. Alitumia neno lililo ukutani. Kosa limo katika sarufi yenyewe. Kiswahili kina jozi ya vitenzi ambayo kila mtoto huijua: funga na fungua, kama ziba na zibua, kunja na kunjua. Mlango uliofungwa hufunguliwa; mzigo hufungwa ukafunguliwa; hata mfungwa hufunguliwa siku yake ikifika. Ajuaye Kiswahili vizuri ndiye ateguliwaye zaidi na neno hili, kwa kuwa lugha imemwahidi ufunguo.

Liko na jambo la pili. Katika vijiji vyetu, kabla ya hospitali kulitumia neno hili, lilikuwa na mwenyewe. Mwanamke asiyezaa husemekana amefungwa kizazi na mwenye wivu, na mganga wa jadi huahidi kumfungua. Daktari naye akija na neno lilelile, mama hana sababu ya kudhani kwamba kufunga kwa daktari ni kwa aina nyingine. Ama atakuogopa kama uchawi, ama atakukubali akijua waganga wa kufungua wapo.

Tatu, neno hili si la kweli kimwili. Kizazi, yaani mji wa mimba, hakiguswi. Kinachofungwa na kukatwa ni mirija miwili ipitishayo mayai. Hedhi huendelea kama kawaida. Mama aliyeambiwa kizazi kimefungwa hungoja damu ikome. Ikitoka, hudhani upasuaji umeshindikana, au damu imekosa njia ikamwozea tumboni.

Kwa wanaume hali ni mbaya vilevile. Upasuaji mdogo wa kukata mirija ya mbegu huitwa "kufunga uzazi kwa mwanamume", na msikilizaji mfugaji hukumbuka mara moja maksai wake wa kulimia. Lakini kuhasi ni kuondoa au kuharibu kende. Upasuaji huu hauzigusi. Nguvu za mume na hamu yake hubaki. Tena kinga haianzi siku hiyohiyo, bali baada ya miezi 3 hivi, na neno "kufunga" halimwonyi juu ya hilo.

7. MAPENDEKEZO

Kwanza, "kufunga kizazi" liachwe, na badala yake yatumike "kukata mirija ya mayai" kwa mwanamke na "kukata mirija ya mbegu" kwa mwanamume. Tunajua wako watakaosema kwamba "kukata" linatisha. Ni kweli, linatisha kidogo. Lakini linatisha kwa sababu linasema ukweli, kwamba jambo hili ni la kudumu. Hofu itokanayo na ukweli humsaidia mtu kuamua. Hofu itokanayo na kitanzi haimsaidii.

Pili, "kitanzi" liondolewe katika mabango na mitaala, na "lupu" likubaliwe.

Tatu, "njiti" libaki kwa mtoto, na "kijiti" litumike kwa kifaa.

Nne, istilahi yoyote ya uzazi, kabla haijasanifishwa, ipelekwe katika zahanati za watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, nao waulizwe mambo matatu: kinawekwa au kinafanywa wapi mwilini? Kinadumu muda gani? Ukibadili nia, kinaondolewa? Neno ambalo msikilizaji hulijibia vibaya maswali hayo halifai, hata likiwa limeundwa kwa kufuata kanuni zote.

TAMATI

Sisi tunaounda maneno huketi mezani na madaftari yetu, tukajadili viambishi na mizizi hadi jua likatua. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini neno likishatoka mezani hupanda gari la moshi, likafika mwisho wa reli, likatamkwa mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni. Hapo ndipo hupimwa, na anayelipa gharama ya neno baya si sisi. Twawaomba wauguzi, wakunga na walimu wa Katavi na wa mikoa mingine watuandikie maneno wayasikiayo katika mabenchi yao, hata yale wayaonayo kuwa ya kihuni, pamoja na maswali ambayo maneno hayo huzusha. Swali la yule mama lilitufundisha zaidi ya kikao kizima.